Kuku wa Shira wa Shemeji Ganda

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaitwa Ganda tangu ujana wake. Wenzake wa bekari ndio waliompa jina hilo, kwa sababu kila mkate ulipokatwa yeye alichukua ganda la juu na kuwaachia wao sehemu laini ya ndani. Mimi nilipomwita Shemeji Ganda mara ya kwanza, alinitazama akasema, "Na wewe basi utakuwa Shemeji Makombo." Hatujaitana vingine mpaka leo.

Tunaishi ua mmoja. Chumba ninachoshonea sare za shule kinatazamana na mlango wa jiko lao, na cherehani yangu nimeiweka dirishani kwa ajili ya mwanga. Kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa niliyaona bila kuchungulia. Mengine nilichungulia.

Bekari aliyofanyia kazi ilikuwa na tanuri la matofali, kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kuingia ndani kwa kutambaa. Kuni ziliwashwa humo humo. Zikishakuwa makaa, yalikokotwa nje kwa chuma kirefu, sakafu ya tanuri ikapanguswa kwa gunia bichi lililofungwa kwenye mti, ndipo mikate ikaingia. Moto haukuwapo tena. Kilichooka ni joto lililobaki kwenye matofali, na joto hilo lilikuwa likishuka pole pole. Mikate ilitangulia, kwa kuwa inataka joto kali. Zikafuata skonzi, ambazo zilipakwa shira ya sukari na limau ili zing'ae. Mwisho kabisa, joto likishakuwa la upole, mfanyakazi aliyetaka aliruhusiwa siku ya Jumamosi kuingiza sinia lake la nyumbani.

Sinia la Ganda lilikuwa la kuku. Alimkata vipande, akavilaza na chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga na maji ya limau, akavipanga juu ya viazi na vitunguu, halafu akavipaka ile shira iliyobaki kwenye sufuria ya skonzi. Hapakuwa na kukaanga wala kukoroga. Alifunga mlango wa tanuri, akaenda kukung'uta magunia ya unga, na aliporudi kuku alikuwa ameiva mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Ngozi ilikuwa nyekundu na inanata. Ulimi ulipokea utamu kwanza, halafu chumvi ikaja nyuma, na viazi vya chini vilikuwa vimekunywa vyote viwili. Alilifunga sinia kwa gunia safi la unga na kulileta nyumbani kichwani, na sisi wa uani tulijua amefika kabla hajagusa lango.

Dada yangu naye ni mpishi, wa shule ya bweni. Kazi yake ni masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuyaogea. Anaondoka mapema, anarudi jioni na kitambaa cha kichwa kinachonuka vitunguu. Tangu alipoanza kazi ile, hali chakula vizuri jioni. "Nikifika nyumbani nimeshashiba harufu," ndivyo anavyosema. Anampakulia mumewe, yeye anakunywa chai. Ilikuwa Jumamosi tu ndiyo alikaa mezani kama mgeni, akakunja mikono ya gauni, akala kuku wa Ganda mpaka akanyonya vidole. Watoto wao wawili, ambao sasa ni watu wazima na wako mbali kikazi, wamelelewa na Jumamosi hizo.

Kisha watoto wa mwenye bekari walimshika baba yao sikio, yakaletwa majiko ya umeme. Tanuri lilibomolewa, na Ganda akaambiwa apumzike. Watu husema mtu akipoteza kazi amemwaga unga. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitania: "Umri wote nimeukanda, leo nimeumwaga." Wenzake walichangishana wakamnunulia zawadi ya kumuaga, jiko la gesi lenye tanuri chini yake. Dada alilifurahia. Alipika kwa mafiga ya juu, na lile tanuri la chini akalifanya kabati la bakuli zake za plastiki, kama tunavyofanya wengi wetu.

Baada ya hapo Ganda alikaa nyumbani. Aliamka alfajiri kwa mazoea, akafagia ua, akarekebisha bawaba ambazo hazikuwa na kasoro. Kupika hakujua. Kwake yeye kupika kulikuwa kufunga mlango na kwenda zako. Jioni dada alirudi, akavua kitambaa cha kichwa, akafunga cha pili, akaanza tena. Ganda alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akimtazama, akiuliza kama asaidie, na dada akijibu, "Kaa tu." Hawakugombana. Ila Jumamosi ilikuwa imegeuka siku kama nyingine.

Jumapili moja dada alikuja chumbani kwangu, akaketi kwenye rundo la sketi za buluu.

"Mdogo wangu, wamenipa chumba shuleni."

"Chumba cha nini?"

"Cha kulala. Mpishi mkuu anastaafu, wananitaka mimi. Lakini mpishi mkuu sharti akae humo humo. Nitakuwa nakuja nyumbani mara moja moja. Jibu wanalitaka Jumatatu ya wiki ijayo."

"Na shemeji?"

Alianza kuvuta uzi uliojitokeza kwenye pindo la sketi. Nilimpiga mkono aache.

"Shemeji yako ni mtu mzuri, na wewe unajua," akasema. "Lakini nikimaliza kuipikia shule nzima, narudi hapa naanza shule ya mtu mmoja. Kule nitapika mara moja, nitaoga, nitalala. Sijamchukia mtu. Nimechoka tu."

"Umemwambia?"

"Jana. Akasema, 'Sawa, mama watoto, wewe ndiye unayeujua mwili wako.' Halafu akatoka kwenda kufagia ua." Dada aliurudia ule uzi. "Na ua ulikuwa umeshafagiliwa."

Kesho yake, dada akiwa kazini, Ganda alikuja kusimama dirishani pangu. Alishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili kama mtu aliyefungwa, ingawa mfungwa nilikuwa mimi, maana nilikuwa na kola nyingi za kumaliza.

"Shemeji Makombo, ukitaka mtu asiondoke unafanyaje?"

"Unamwambia asiondoke."

"Nikimwambia atabaki kwa kunionea huruma. Sitaki huruma. Nataka abaki kwa sababu nyumbani panakalika."

"Basi pafanye pakalike."

"Ndiyo nimekuja kukwambia. Jumamosi hii nataka akute kuku mezani. Yule yule wa siku zote. Akute nimeshapika, sijamuuliza hata kijiko kiko wapi."

"Jiko unalo, shemeji."

"Jiko ninalo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aoe tena.

Jumanne alianza kwa kulizoea. Aliniambia tanuri geni haliingiziwi chakula siku ya kwanza. Linawashwa tupu ili mjuane. Nikasikia kiberiti, nikasikia kifuniko cha chuma kikifungwa, nikaendelea na vifungo vyangu. Haukupita muda, harufu ikanijia ambayo haikuwa ya chakula cha aina yoyote.

"Shemeji! Unachoma nini?"

"Sijaweka kitu!"

"Na vilivyokuwemo?"

Nilivuka ua mbio. Alipofungua, bakuli za dada zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine kama wagonjwa, na mfuniko mmoja wa buluu umening'inia kwenye wavu mfano wa soksi. Tulizima, tukafungua madirisha, tukapepea kwa kanga na gazeti. Ganda aliziokota bakuli zilipopoa, akazitazama moja moja.

"Hii alipewa na mama yenu," akasema.

"Hii ndiyo iliyopona vizuri," nikamjibu. Ilikuwa imepinda upande mmoja tu.

Akazificha nyuma ya pipa la maji. Jioni ile dada aliuliza ilipo bakuli yake ya mfuniko wa buluu, na mumewe akajibu, "Ipo," na kweli ilikuwapo. Nilijiuma ulimi nisicheke.

Alhamisi alinunua kuku. Alimkata vizuri, maana mikono iliyogawa donge la unga maisha yote haikosei kipimo. Alichemsha sukari na maji na limau mpaka tone likawa linasita kwenye ncha ya kijiko kabla ya kudondoka. Hapo shira imekuwa tayari. Alipaka kuku kote, kwa brashi yake ya skonzi. Kabla ya kuingiza sinia alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona jikoni kwa mtu: alichukua unga kidogo kwa vidole viwili, akaurusha ndani ya tanuri, akachungulia.

"Unalilisha?" nikamuuliza.

"Naliuliza. Unga ukiwa mweusi mara moja, joto limezidi. Ukipiga rangi taratibu, ingiza."

"Na limejibuje?"

"Chini umekuwa mweusi. Pembeni umebaki mweupe." Alikunja uso. "Sijui nimwamini nani."

Akaingiza hivyo hivyo, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko, mikono kifuani. Bekari walikuwa na sharti moja lililowatia wote adabu: mlango wa tanuri haufunguliwi kabla ya wakati wake. Aliyeufungua aliharibu kazi ya wenzake, na alinyamaziwa kutwa nzima. Mimi niliifuata ile harufu kutoka kwenye cherehani yangu. Ilianza kuwa tamu. Ikawa tamu sana. Halafu ikaanza kuwa chungu.

"Fungua, shemeji!"

"Mlango haufunguliwi."

"Inaungua!"

"Tanuri likifunguliwa linakasirika!"

"Hilo si tanuri, ni kabati lenye moto! Fungua!"

Alifungua moshi ulipokuwa umeshaanza kutoka wenyewe. Kuku alikuwa mweusi anang'aa kama kiatu cha askari. Ganda alimtoa, akagonga kipande cha mgongo kwa kifundo cha kidole, kama waokaji wanavyogonga tako la mkate kusikiliza kama ndani umeiva. Kuku akalia ko, ko.

"Inasikika imeiva," akasema kwa unyonge.

Akakata paja. Kwenye mfupa palikuwa na damu.

Sikucheka, ingawa nilikuwa na haki. Alikaa kwenye kigoda akashika tama, brashi bado mkononi, shira ikidondoka kwenye kiatu chake. Akasema, "Siku zote hizi nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nampikia. Kumbe ni matofali."

"Usiseme hivyo, shemeji."

"Ni kweli. Moto wetu ulikuwa unashuka. Sukari iliukuta umeshapoa hasira. Huu wa gesi umesimama pale pale ulipoambiwa usimame. Sukari itaweza wapi?" Aliposikia maneno yake mwenyewe aliinua kichwa. Akalitazama jiko. Akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyesema jambo la maana. Kisha akavaa kofia yake akatoka, akaniachia kuosha sinia.

Alirudi na gunia begani, anahema. Nilidhani ni viazi. Alipolitua chini lilitoa mlio wa mawe. Nyuma ya bekari walikuwa bado hawajaondoa kifusi cha tanuri la zamani, na mlinzi alimwambia achukue hata lote, atawapunguzia kazi. Hakuchukua lote. Alichagua yale matofali membamba ya sakafuni, yaliyobeba mikate yake mwenyewe, meusi upande mmoja na laini kama mgongo wa kijiko.

"Utajenga?" nikauliza.

"Nitapanga tu. Lakini yamenyeshewa. Tofali bichi likikutana na moto linapasuka. Nikopeshe mahali penye jua."

Basi siku ya Ijumaa matofali ya bekari yalianikwa kwenye kibaraza changu, yakigeuzwa kila mara kama samaki, na jioni yakaingia chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Dada alipopita kunisalimia alinusa hewani.

"Mbona kwako kunanuka moshi?"

"Pasi," nikasema.

"Na kule kwangu kunanuka sukari iliyoungua. Mnanificha nini ninyi wawili?"

"Tutakuficha nini, dada, na wewe una pua ya mpishi?"

Aliguna, akaenda kupika. Jioni ile nilimsikia akimpakulia mumewe, halafu nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe cha chai. Alikuwa amebakiza siku chache za kutoa jibu, na kwa jinsi nilivyomwona akizikunja nguo zake kwenye kamba, akizitenga zake na za Ganda, niliona jibu limeshaanza kukunjwa.

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza Ganda kwa muuza kuku, mama mmoja mwenye mdomo ambaye hakuwahi kumhudumia mtu bila kumsindikiza na maneno.

"Mzee, juzi tu umechukua jogoo mzima! Unafuga simba nyumbani?"

"Nafuga mke."

"Ee! Basi huyo mke anakula vizuri."

"Ndilo ninalolitafuta, mama," akasema Ganda, na yule mama akampa na maini bure.

Tulipofika alifunga aproni yake ya kazi na kuvaa ile kofia nyeupe ya bekari. Alipanga matofali chini kwenye wavu, mawili kila upande yakasimama, na moja pana akaliweka kwenye wavu wa juu liwe paa. Akawasha moto mdogo, akaungoja, akauongeza, akaungoja tena. Mimi nilileta shati la kushona vifungo nikakaa mlangoni, kwa sababu kazi haikuwa inakwenda kule chumbani hata hivyo. Alipoona imetosha alirusha unga kwenye tofali. Tuliinama wote wawili. Unga ulikaa kimya, mweupe. Halafu pembeni ukaanza kupiga rangi ya maziwa, ya mchanga, ya skonzi.

"Umeona?" akasema kwa kunong'ona. "Limeniitikia."

Akaingiza sinia: viazi, vitunguu, kuku juu, bila shira, na sinia jingine amelifunika juu yake. Moto akaushusha mpaka ukawa kama ulimi wa paka. Akaketi kwenye kigoda chake. Tukapiga soga za bekari, za fundi mmoja aliyelala ndani ya beseni la unga na kuamka kama mzimu, mpaka harufu ya kitunguu saumu ikatufikia, ya upole, isiyo na haraka.

"Sasa shira," nikasema.

Hakuinuka. Alikuwa ameshika brashi na sufuria, anautazama mlango wa tanuri.

"Fungua wewe, Shemeji Makombo."

"Mimi mshonaji. Nitajua nini?"

"Sijawahi kuufungua kabla ya wakati."

"Shemeji, wakati wake ndio huu. Si umesema moto huu haushuki wenyewe? Basi ushushe wewe."

Alivua kofia, akaiweka mezani kwa heshima, ndipo akafungua. Joto likamwosha uso. Akaondoa sinia la juu, akapaka shira haraka haraka, kila kipande, kila mkunjo wa bawa. Kisha akafunga mlango, akazungusha kitufe cha gesi, akaizima kabisa.

"Umezima?" nikashtuka.

"Nimezima. Sasa hakuna moto. Ni sisi na matofali."

Dada alirudi mapema kuliko tulivyotegemea. Nilimwona langoni kabla ya Ganda. Mkononi alikuwa na begi kubwa la nguo, tupu, limekunjika kwa kukosa kitu ndani. Baadaye aliniambia aliazima kwa mlezi wa bweni. Ganda naye alitokea mlangoni, akaliona lile begi, na sikumwona akibadilika uso ila mkono wake ulitafuta kofia ambayo haikuwapo kichwani.

Dada hakuingia. Alisimama katikati ya ua, akainua pua.

"Tanuri la bekari limejengwa tena?"

"Hapana," akasema mumewe.

"Basi hiyo ni nini?"

"Ni chakula cha jioni."

"Nani amepika?"

"Karibu ukae, mama watoto. Utapata kikombe cha maji kwanza."

Aliliweka begi nyuma ya mlango, akaketi. Ganda alitandika mezani gunia safi la unga, lile lile alilofungia sinia zamani. Akafungua tanuri. Kuku alitoka mwekundu. Pembe moja ya sinia ilikuwa imekolea zaidi, kwa sababu tofali la upande ule liligusa ukuta wa jiko, lakini kwingine ngozi ilikuwa inang'aa, na mafuta na shira vilikuwa vikichemka kidogo kidogo kati ya viazi. Aliinua mkono kumgonga kuku, akakumbuka, akaushusha.

"Makombo, na wewe kaa," akaniambia.

Nilikaa, lakini sikugusa kitu. Dada alichukua kiazi kwanza. Alikila pole pole, kama mtu anayeonja masufuria ya watu wengine. Kisha akachukua bawa. Akakunja mikono ya gauni.

Nilipoiona ile mikono ikikunjwa nilijua, lakini Ganda hakujua, alikuwa anatazama sahani yake.

"Chumvi imezidi kidogo," dada akasema.

"Ndiyo, niliona."

"Usiipunguze."

Alikula bawa, akala paja, akavuta viazi vya pembe ile iliyokolea na kuvimaliza. Alikuwa ananyonya kidole gumba alipouliza, bila kuinua macho, "Kwa hiyo bakuli zangu zilikuwa zinakaa wapi wakati unapika?"

Ganda alinitazama. Nikatazama ukuta. Akainuka, akaenda nyuma ya pipa la maji, akarudi nazo amezikumbatia kifuani, pamoja na ule mfuniko wa buluu uliogeuka soksi. Akaziweka mezani mbele ya mkewe, kando ya kuku. Dada alizitazama. Midomo ilianza kumtetemeka, nikadhani analia. Kumbe ni kicheko, na kilipotoka hakikuweza kurudi. Alijishika mbavu, akalala mezani, akafuta machozi kwa gunia la unga.

"Na matofali haya," akasema alipopata pumzi, akichungulia ndani ya jiko lake, "matofali haya umeyaoa?"

"Nimeyaazima kwenye kifusi."

"Jiko langu la zawadi umelijaza kifusi!"

"Mafiga ya juu sijayagusa."

Alicheka tena, kisha akatulia. Akamtazama mumewe kwa muda, vile nilivyomwona akimtazama zamani alipokuwa analetewa sinia kichwani.

"Na kesho tutakula nini?" akauliza.

"Kuku."

"Jumatatu?"

"Kuku."

"Jumanne?"

Ganda alifikiri kwa dhati. "Mkate."

"Baba watoto, hicho ndicho unachojua? Kuku na mkate?"

"Maharage yanaweza kuingia humo. Na samaki, nadhani. Chochote kinachokubali kufungiwa mlango. Vyombo vyako sitavigusa tena mpaka nikuulize, lakini jioni usiwashe jiko. Hilo tu. Ukifika, ukae." Alikohoa. "Hata ukienda kule shuleni, ukija mwisho wa wiki, nitafanya hivyo hivyo. Sijafanya ili nikufunge."

Dada aliinama kwenye sinia. Alivunja kipande cha ngozi kilichoganda kwenye ukingo wa sinia, kile kigumu, kitamu, ambacho katika nyumba ile hakuna aliyewahi kukigusa kwa sababu kilikuwa cha mwenyewe, akakiweka kwenye sahani ya mumewe.

"Kula ganda lako," akamwambia. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe je? Umekaa hapo kama shahidi. Kula, chakula kinapoa."

Jumatatu alikwenda kutoa jibu lake. Niliwaona wote wawili asubuhi, yeye anatoka, Ganda anamfungulia lango. Begi la mlezi wa bweni lilikuwa mkononi mwa dada, anakwenda kulirudisha. Halikuwa tupu: ndani yake alibeba kuku aliyebaki wa Jumapili, awaonjeshe wenzake wa jikoni, kwenye ile bakuli ya mama yetu iliyopinda upande mmoja, imefungwa kwa kitambaa kwa kuwa mfuniko wake haukai tena.